Parachuti ya Mwavuli wa Ayeeyo

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma Garissa, alinitumia juzi picha ya chupa ya soda iliyobandikwa mabawa ya katoni. Chini yake aliandika, "Eeddo, parachuti niikate kubwa kiasi gani?" Eeddo, yaani shangazi, ndiye mimi. Nilikaa na simu mkononi, na badala ya kumjibu nikajikuta nimerudi uani kwa ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, moshi wa kuni ukiniwasha macho na anjera ya kwanza, chapati yetu laini ya unga uliochachuka, ikitoboka vitundu juu ya kikaango.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa fizikia, mtu wa Ukambani, alituonyesha kwamba chupa ikitiwa maji kidogo na kushindiliwa hewa kwa pampu ya baiskeli, huruka kama roketi. Ikifika juu, kichwa chake cha karatasi hudondoka na parachuti hufunguka. Mimi na rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja tuliambiwa tuunde yetu, ibebe yai bichi na kulirudisha chini likiwa zima. Tukiweza mbele ya mwalimu mkuu, tungeenda Nairobi kwenye mashindano ya sayansi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvuka daraja la mto Tana, njia ya kutoka Garissa.

Kitambaa alikitoa ayeeyo. Alikuwa na mwavuli mweusi aliokwenda nao sokoni kila siku kuuza maziwa ya ngamia, na wewe unalijua jua la Garissa. Alizing'oa mbavu zake za chuma, akanipa nguo ya mwavuli. "Chukua, tengeneza hiyo barashuti yako," alisema. Tangu hapo alikwenda sokoni na shali iliyoloweshwa maji kichwani.

Kwanza tuliiacha nguo nzima, tukidhani kubwa ndiyo salama. Kweli iliteremka taratibu, lakini upepo wa mchana uliichukua ukaipitisha juu ya zizi la jirani, mbuzi wakatawanyika, ikaenda kunasa kwenye miiba ya mti wa mathenge. Yai tulilikuta limevunjika. Jioni nilishona matobo, ayeeyo akinitazama. Ya pili tuliikata kwenye mfuko wa nailoni, ndogo kama sahani. Hiyo ilishuka kama jiwe, na ardhi yetu ile ni ngumu kama saruji.

Mwalimu hakutucheka. "Kubwa inakawia angani, upepo unaondoka nayo," alisema. "Ndogo haikawii, inapasua yai. Tafuteni ya katikati, na msikate mpaka mjue."

Basi rafiki yangu akachomoa pini za hijabu yake. Tulipanda ghorofa ya juu ya madarasa, tukakunja ukingo wa ile nguo ya mwavuli na kuubana kwa pini, kisha tukaiachia ikiwa na jiwe lenye uzito wa chupa na yai. Ikipeperuka mbali, tulikunja zaidi. Ikianguka kwa kishindo, tulilegeza. Alasiri nyingi zilipita hivyo, adhana ya magharibi ikitukuta bado tunakimbia ngazi. Ilipotua kwa upole karibu na ukuta, ndipo tukakata.

Siku ya kurusha tulichagua asubuhi, kabla upepo haujaamka. Ayeeyo alikuja, ingawa ilikuwa saa yake ya soko, akasimama pembeni mwa uwanja na chombo chake cha maziwa. Rafiki yangu alisukuma pampu, mimi nikavuta kamba ya kuiachia chupa. Chupa iliruka ikimwaga maji, watu wote wakainua shingo. Kitambaa cheusi kilifunguka, nami nikakimbia chini yake nikisema bismillahi mpaka pumzi ikaniishia. Mwalimu mkuu alilitoa yai mwenyewe, akaligeuzageuza. Halikuwa hata na ufa.

"Ayeeyo, umeiona?" nilimuuliza.

"Ile kitu ya juu? Hapana. Mimi nilikuwa naangalia wewe ukikimbia."

Nairobi tulienda, na hatukushinda. Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata. Rafiki yangu yuko ng'ambo na watoto wake. Uwanja ule umejaa nyumba za kupangisha, na hayo yote nimeyazoea. Nimefanya mengi tangu siku ile, na watu wameyasifu. Lakini tangu tumzike ayeeyo, sijapata mtu ambaye, wengine wote wakitazama juu, yeye ananitazama mimi.