Makombe Yaliyolala Upande Mwingine

Mtaani walimwita Twiga, na si kwa sababu ya urefu. Alikuwa mtu wa kimo cha kawaida tu, lakini miaka ya kutazama juu ilikuwa imemvuta shingo, na kila jioni alirudi nyumbani ana madoadoa meupe usoni na mikononi. Watoto ndio waliombandika jina hilo, wakubwa wakalidaka, naye akaliacha lizoeleke. Kazi yake ilikuwa dari. Si kuta, si milango, dari tu. Alizipaka plasta laini ya unga, kisha akaichora ingali mbichi: mawimbi, magome ya mti, au yale makombe yanayopandana kama magamba ya samaki, ambayo wateja wa zamani waliyapenda kuliko yote.

Kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja hutangulia na mwiko akilaza plasta, mwenzake humfuata nyuma na brashi akiichora kabla haijashika. Ukichelewa kidogo inakauka, na pale ulipoishia panabaki mstari kama kovu. Kwa miaka mingi Twiga alikuwa wa mbele, na wa nyuma alikuwa mdogo wake wa kike. Walifundishwa pamoja na baba yao, fundi plasta, wakarithi ngazi zake na ubao wake wa kusimamia. Huko juu walizozana kwa kila kitu, kuanzia stesheni ya redio hadi nani amemaliza maji ya kunywa, na wateja waliokaa chumba cha pili walidhani kumewaka moto. Wala hapakuwa na ugomvi. Ndivyo walivyoongea.

Kisha yule mdogo akaposwa na dereva wa malori, mtu wa mji wa mbali. Twiga hakuwa na neno na bwana yule. Kilichomkata maini ni kwamba aliambiwa mambo yakiwa yameshaiva. Siku ya harusi alisema ana dari ya ukumbi isiyoweza kungoja. Akapanda ngazi, akapaka siku nzima peke yake, tena vibaya. Bibi harusi aliondoka bila kumwona. Tangu hapo walipigiana simu kwa misiba na kwa salamu za mwaka mpya, baadaye kwa misiba tu, na misiba nayo ikaadimika kwa kuwa wazee walikuwa wameisha.

Yeye mwenyewe hakuoa. Ilikaribia mara moja, ikapita.

Alijifunza kufanya kazi ya watu wawili akiwa mmoja. Alilaza plasta kipande kidogo, akatupa mwiko, akakamata brashi, akachora, akashuka, akasogeza ngazi, akapanda tena. Makovu aliyaficha juu ya mapazia au kwenye kivuli cha kabati. Alizoea kujisemea. "Haya, sogea," alijiambia, na akasogea. "Lete maji," akajiambia, na akashuka kuyafuata. Akirudi chumbani kwake jioni, alikuwa ameongea kutwa nzima na hakuna aliyemsikia.

Siku moja alipigiwa simu na nesi mstaafu aliyeishi ghorofa ya kwanza, kwenye jengo lenye ngazi za kijani. Bomba la jirani wa juu lilikuwa limepasuka, na maji yameacha doa la kahawia upana wa beseni katikati ya dari ya sebule.

"Nataka uzibe hapo tu, fundi," alisema yule mama. "Pengine pote usiguse. Wanangu wamekua wakiyahesabu makombe haya wakiwa na homa."

Twiga aliinua macho, akaitambua kazi. Dari ile waliipaka wao wawili, yeye na mdogo wake, kabla hata ya ile posa.

Kukwangua doa hakukumsumbua, wala kuliziba kwa rangi ya mafuta ili lisipenye tena. Aliacha pakauke, akarudi, akakoroga plasta mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, akailaza kwa mwiko. Akachovya brashi, akazungusha kombe la kwanza. Likatoka zuri. La pili pia. Alipofika kwenye yale ya zamani akaona mambo hayaendi. Yake yalilala huku, yale yalilala kule, na yalipokutana yalipigana vichwa. Alikwangua yote, akaanza upya. Yakapigana tena. Akajaribu kuanzia chini, akajaribu brashi ndogo, akajaribu kusimama upande wa dirishani. Mchana ulimkuta ameketi kwenye kidato cha ngazi, plasta imemgandia mpaka kwenye nyusi.

"Kuna shida, fundi?" aliuliza nesi kutoka jikoni.

"Hapana, mama. Napumzisha shingo."

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za kijani na simu mkononi. Namba ya mdogo wake alikuwa nayo. Aliitazama mpaka kioo kikazima, akakiwasha, kikazima tena. Mwishowe akapiga moyo konde.

"Haloo?"

"Ni mimi."

Kisha mdogo wake akauliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi unaumwa."

"Siumwi, niko kazini. Niko kwa yule nesi, ghorofani. Dari ya makombe. Unaikumbuka?"

"Yule aliyetukataza kuimba?"

"Huyo huyo. Bomba limemharibia dari. Sasa naziba, na haya makombe yako yananigomea. Yangu yanalala huku, yako kule."

Alisikia sufuria ikiwekwa chini huko upande wa pili, halafu kicheko kifupi.

"Kaka, brashi umeishika mkono gani?"

"Wa kulia. Ulitaka niishike kwa mguu?"

"Na mimi nilikuwa naishika mkono gani?"

Twiga akautazama mkono wake wa kulia. Alijua vizuri kwamba mdogo wake ni wa kushoto. Alimwona akipigwa vidole na mama yao mezani, akamwona shuleni akichafua daftari kwa kiganja. Lakini juu ya ubao yeye alikuwa mbele siku zote, uso kwenye plasta, kampa kisogo. Kazi ya mkono ule aliiona ikishakauka.

"Miaka yote ile hukugeuka hata mara moja?" aliuliza mdogo wake. Sauti haikuwa na kinyongo. Ilikuwa kama mtu anayetaka tu kujua.

"Plasta ingekauka."

"Haya. Shika kwa kushoto. Anzia kulia, rudi kushoto. Usitumie kiwiko, zungusha kifundo. Ukifika mwisho usiinue brashi papo hapo, iburute kidogo, ndiyo uiinue."

"Njoo unioneshe," alisema Twiga. Alikusudia utani, lakini kwa sauti ile haukutoka utani.

"Bega langu halipandi siku hizi. Nilianguka, mkono huu hauvuki sikio. Hata nywele nasukwa na binti yako."

"Binti yangu?"

"Mwanangu ni wa nani kama si wako?"

"Hukuniambia kama umeumia."

"Hapakuwa na msiba," alijibu mdogo wake.

Nyuma ya mdogo wake sauti nyembamba iliuliza, "Mama, nani huyo?" Akajibiwa ni mjomba. "Mjomba yupi?" "Unaye mmoja tu. Msalimie." Simu ikakwaruza, ikabadili mkono.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," alisema Twiga. Msichana akangoja kwa adabu, kisha akamrudishia mama yake simu.

Jioni ile alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Mkono ulitetemeka kama wa mtoto anayeandika herufi za kwanza, na plasta ilimdondokea machoni zaidi ya kawaida. Lakini makombe yakalala. Siyo yote, na siyo vizuri sana. Yake yalikuwa makubwa kidogo, na moja lilijikunja pembeni kama sikio la paka. Yalipokauka akayapaka rangi nyeupe. Nesi alijilaza kwenye kochi, kichwa juu ya mto, akakagua kama anayekagua kidonda.

"Sijui pa zamani wala pa sasa," alisema.

Twiga alijua, lakini hakusema. Alikunja turubai lake, akashukuru, akaondoka.

Wiki chache baadaye alisafiri. Hakumwambia mtu yeyote mtaani, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Mdogo wake alimpokea stendi akiwa ameshika mtandio kwa mkono wa kulia, mwembamba kuliko alivyomkumbuka, na wakasalimiana kama watu waliokutana sokoni. Walianza kuzozana kabla ya kufika nyumbani, kuhusu njia fupi ni ipi, na Twiga akahisi kitu kikimlegea kifuani.

Nyumba ilikuwa ya mabati, safi, bila dari kabisa. Alipoketi tu, macho yakapanda juu yenyewe.

"Nikuwekee," alisema. "Kazi ndogo. Vyumba viwili hivi nakumalizia kabla sijaondoka."

"Hutaweka kitu. Nimezitazama dari za watu mpaka zikanitosha. Acha nione mabati yangu."

Shemeji alikuwa safarini na lori lake. Kwa siku alizokaa, Twiga alimenya viazi, akarekebisha bawaba ya mlango, akafundishwa na mpwa wake mchezo wa karata ambao sheria zake zilibadilika kila alipokaribia kushinda. Habari ya harusi hakuna aliyeigusa. Siku ya mwisho tu, wakianua nguo, mdogo wake akasema bila kumtazama, "Nilikuwekea kiti siku ile. Nilikataa mtu akikalie."

Twiga alikunja shuka alilolishika, akalikunjua, akalikunja tena. "Najua," alisema, ingawa hakujua. Kisha akasema, "Nisamehe." Mdogo wake akamtupia foronya aikunje.

Alirudi kwake jua likiwa bado juu. Alifungua mlango, akaweka begi kitandani, akasimama katikati ya chumba. Kila kitu kilikuwa pale alipokiacha: kikombe, kandambili, kalenda ya mwaka uliopita. Hapakuwa na jambo jipya, ila ukimya. Kabla ya safari ile hakuwa anausikia. Sasa ulikuwa umekaa chumbani kama mgeni asiyejua kuaga, na hata alipojisemea, "Haya, chemsha maji," sauti yake ilimshtua.

Akachemsha maji. Akakaa kando ya jiko akingoja yachemke, na alipoona yanachelewa, akachukua simu.

"Umefika?" aliuliza mdogo wake.

"Nimefika."

"Haya."

Hawakuwa na la zaidi. Lakini hakuna aliyekata, na kwa muda Twiga alisikiliza vyombo vikioshwa katika nyumba ile ya mbali, mpaka birika lake nalo likaanza kuchemka.