Mikro Iliyokataa Sauti

Asubuhi moja ya enzi za Zaire bado naiona, mwanangu, nikifumba macho tu. Ukungu wa kiangazi umelala juu ya Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, na moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha kuyeyushia shaba umesimama, kana kwamba nao una usingizi. Nilikuwa nimetoka kujifungua, baada ya kuzika watoto wawili. Mama yangu, kule Kongolo, mbali kaskazini, alijua siku zimetimia. Hakujua kama mtoto anapumua.

Njia ya haraka ilikuwa fonie ya parokia, redio ya mezani ya kuzungumza na watu wa mbali, ambayo Papa Mwamba aliitunza kama mgonjwa wake. Niliketi mbele ya redio hiyo na mtoto mapajani. Ilivuma kama mvua ya mbali juu ya mabati, na ndani ya mvua hiyo ikaja sauti ya mama.

“Allô, Lubumbashi? Mutoto iko muzima?”

Nikafinya kitufe cha mikro, kile kipaza sauti cha mkononi, nikajibu. Akauliza tena, vilevile. Nikapaza sauti, akauliza tena. Hofu ikanishika, maana nilijua kule ukimya wangu unaeleweka vipi. Nikaigonga mikro mezani, nikilia kwamba imekufa.

“Mama, wacha kuipiga,” akasema Papa Mwamba. Alimwita hivyo kila mwanamke mwenye mtoto. “Imekufa yote? Angalia kwanza chenye bado kinaishi.”

Akafinya kitufe, sindano ya kipimo kwenye redio ikapanda. Akasema maneno mawili matatu, sindano haikutikisika. “Kufinya kunafika,” akasema. “Sauti njo haifike.” Alidhani waya mmoja umekatika shingoni mwa kamba ya mikro, pale tunapoivuta sote. Kuuunga kungechukua muda, na betri za kule zilikuwa zinaisha.

Basi akafinya na kuachia, akafinya na kuachia, taratibu. Kule, kila alipofinya, ile mvua ilinyamaza, na fundi wao akaelewa.

“Lubumbashi, tunasikia munafinya, sauti hapana. Kama ni ndiyo, mufinye mara mbili.”

Papa Mwamba akanipa mikro. Mama akauliza kama mtoto ni mzima. Nikafinya mara mbili.

“Ni mwanamuke?”

Mara mbili. Nikasikia vigelegele vyake, vikipotea na kurudi.

“Na weye, unalia?”

Nilikuwa nalia kweli. Nikafinya mara mbili.

“Lia, mwanangu. Halafu umunyonyeshe.”

Papa Mwamba aliunga waya mchana uleule, lakini kule walikuwa wameshazima, na redio yao haikuwaka tena. Mama alifariki kabla ya mvua za kwanza, na sauti yangu hakuisikia tena. Lakini alikwenda akijua ana mjukuu, na hilo linanituliza hadi leo.

Juzi uliniambia hujaenda kwa rafiki yako aliyefiwa na mtoto, kwa sababu hujui la kumwambia. Nani amekuomba hotuba? Miguu unayo, mikono unayo. Nenda ukae naye, umchotee maji, umshike bega. Unapoona umeishiwa, usitupe kila kitu kwa sababu ya kimoja kilichokatika. Tumia kilichobaki, na uende leo, betri za watu huisha.

Mungu akulindie mikono yako, mwanangu. Na siku sauti itakapokukauka, upande wa pili awepo mtu wa kukuelewa.