Mwokaji Aliyekimbia Vijana wa Udugu

Jirani yangu Loretta aliniuliza Jumapili moja, tunakoroga kahawa baada ya ibada: "Hivi huyu bosi wako, Mzee Aasen, ana undugu gani na wale vijana wa chuo? Kila anapohamia, wapo dirishani kwake."

Nilicheka mpaka mchungaji akageuka. Undugu hawana. Kama kuna mtu aliyewakimbia vijana wale kwa bidii, ni yeye.

Wendell Aasen ana bekari hapa Nordby, na mimi namkaangia donati miaka mingi sasa. Mtu wa tanuri huamka mji wote ukiwa umelala, kwa hiyo hulala jua likiwa bado nje. Mungu alimpa afya, mikono mizuri na sauti ya kwaya. Usingizi alimpa pia, ila vijana wa Udugu waliuchukua.

Udugu ni chama cha wanafunzi wa kiume. Hukaa nyumba moja, huitana ndugu, na juu ya mlango huweka herufi tatu za Kigiriki ambazo wengine wao hawajui kuzisoma. Tawi letu ni la zamani sana. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa mtaa wa Walnut, ua kwa ua na nyumba aliyozaliwa Wendell. Desturi yao ni kwamba kijana akimvisha mchumba beji ya chama, ndugu wote husimama usiku kwenye majani wamwimbie binti. Mwaka mmoja wachumba walikuwa wengi kupita kiasi. Wendell akauza nyumba ya wazazi wake, akahamia ng'ambo ya mto.

Baridi iliyofuata, vijana waliona theluji nje ni nyingi, wakachomea nyama barazani. Baraza lilikuwa la mbao. Nyumba iliteketea yote, lakini namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, na nyama waliiokoa. Wanachama wa zamani, ambao siku hizi ni mawakili na madaktari wa meno, wakachanga wakatafuta nyumba nyingine. Wakaipata ng'ambo ya mto. Wendell alikuwa anapalilia nyanya zake alipoona kochi linapitishwa juu ya ua.

"Mzee Aasen," kijana mmoja akamwita, "kumbe ulitangulia kutushikia nafasi?"

"Nilitangulia kutafuta pa kufia kwa amani."

"Basi utakufa na nyimbo, mzee. Wala hatukudai kitu."

Alivumilia kadiri alivyoweza, halafu akahama tena. Safari hii alichagua kwa akili: nyumba iliyopakana na ile ya kampuni ya mazishi. Akaniambia, "Dada Esta, majirani hawa hawana gitaa."

Alilala vizuri, hata akanenepa. Kumbe kule ng'ambo vijana wamejaza maji chumba cha chini ya nyumba wakitaka bwawa la kuogelea. Ukuta ukapasuka. Na mwenye kampuni ya mazishi naye akastaafu, akaitangaza nyumba yake: vyumba vingi, mlango mpana, maegesho makubwa. Nadhani unaelewa nani aliinunua. Katika chumba kilichokuwa cha kuhifadhia marehemu waliweka vinywaji vyao, kwa sababu, walisema, baridi ipo tayari.

Sasa mwaka huu mtaa mzima ulichoka. Wakaiomba halmashauri ya mji iwaondoe vijana pale. Kila mtu alijua msemaji wa kwanza atakuwa Wendell, na yeye alikuwa akiifanyia mazoezi hotuba yake kwenye donge la unga, akilipiga ngumi penye maneno mazito. Mwenyewe alikuwa ameshapata chumba nyumba ya wazee, mtaa wa Juniper, ahamie baada ya Pasaka.

Nikamwuliza, "Sasa kama unaondoka, hasira za nini?"

"Nataka mara moja tu maishani, dada, nihame mimi, na wao waondolewe, tusionane tena."

Siku moja kabla ya kikao, akaingia bekari mwenyekiti wa vijana, Kip Vanderlaan, kijana mwenye adabu anayevaa viatu bila soksi hata kwenye theluji.

"Mzee, nimekuja kukuaga. Tunajua kesho unatumaliza."

"Nawamaliza."

"Haina neno. Wakubwa wetu wameshapata nyumba nyingine. Mkitufukuza tu, wanailipia."

"Nawapongeza. Mbali?"

"Juniper. Ile ya matofali, yenye roshani."

Wendell akaacha kukanda. "Inayotazamana na nyumba ya wazee?"

"Hiyo hiyo. Wakubwa wanasema pale tutastarehe, masikio ya wale wazee yameshachoka, hawatasikia kitu. Mzee, mbona umekaa kwenye gunia?"

Mimi niliinamia mafuta yangu, nikamwomba Bwana anizuie nisicheke.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Bibi Halvorsen, anayeongoza halmashauri, akamwita Wendell wa kwanza. Watu wa mtaa wakamsukuma mbele kwa mabega: "Waseme, Wendell. Wapashe." Kip na wenzake walikaa nyuma, wameinamisha vichwa kama wako kwenye msiba. Wendell akavua kofia. Hotuba aliiacha mfukoni.

Akasema: "Bibi Halvorsen, naomba vijana hawa waachwe pale pale walipo. Wasihamishwe. Mimi ndiye nitakayehama."