Jina la mama kwenye site yangu

Leo saa ya récréation, ya kupumzika, Trésor wa darasa letu alipigia mama yangu simu mbele ya darasa lote.

Ngojeni nieleze.

Munajua ile site ya Internet inayocheka mambo ya darasa letu, isiyo na jina la mwandishi? Trésor aliapa atamukamata mwenye kuiandika. Leo akainua téléphone: "Bandugu, nilimupata!"

Kumbe kampuni iliyoniuzia jina la site inaweka jina na namba ya mwenye site mu registre, daftari ya wazi ku Internet. Usipoomba wafiche, kila mutu anasoma. Sikujua. Na kwa sababu mi bado mutoto, nilikuwa nimejaza jina la mama, lenye darasani hakuna anayelijua, na namba yake.

Trésor akaweka haut-parleur, wote basikie. Nikashika banc niliyokalia.

"Allô, mama? Ni weye uko unaandika ile site ya darasa letu?"

Mu simu nilisikia malori ya minerai, mawe ya mugodi, yakipita mbele ya nyumba yetu.

"Ni miye," mama akasema. "Na weye ni Trésor, hapana? Ule anajifichaka mwalimu akiita batu ku tableau!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mi sikucheka. Hiyo ya tableau iko mu site tu. Mama anaisoma!

Halafu préfet, mukubwa wa shule, akasema mulangoni: "Huyo mama aje kwangu kesho."

Nyumbani mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia ya préfet. "Acha, nitaenda," akasema. "Unaandikaka muzuri."

Hapana, mama. Préfet, bandugu, someni: ni mi ninaandikaka hii site. Godelive wa banc ya nyuma, ule asiyeongeaka.