Ngano ya Nyanya kwa Kiswahili cha Mwalimu

Enzi zetu pale Chaani, nyumbani tulisema Kijomvu, ndugu wa Kimvita aliyekaa mno na Wamijikenda hadi wakaazimana maneno kama majirani waazimanavyo chumvi. Watoto wa leo wana Sheng na Kizungu. Ukiwatuma dukani, wakuuliza mara tatu umesema nini.

Baada ya Magharibi, tukishakula muhogo wa nazi na papa mkavu, nyanya alitutolea ngano. Desturi yake ilikuwa moja: lazima mtu mmoja awe mwitikiaji. Kila msimulizi akipumua, yeye huitika. Akinyamaza, ngano hukoma papo hapo. Mwitikiaji wa nyanya nilikuwa mimi, na niliringa kweli mbele ya kaka zangu.

Darasa la sita nikachaguliwa kusimulia ngano siku ya wazazi. Nikachagua ya nyanya, naye akaahidi kuja kuniitikia. Lakini mwalimu wetu wa Kiswahili aliponisikia nikijizoeza, alikunja uso.

"Hiyo ni lugha ya shamba. Iseme mbele ya wageni, utaniona."

Akaibadilisha ngano yote, neno baada ya neno. Nyumbani sikuthubutu kumwambia nyanya.

Siku yenyewe nyanya alikaa safu ya mbele, buibui limepigwa pasi. Mwalimu alisimama ubavuni mwangu. Nikafungua kinywa, kikatoka Kiswahili cha mwalimu. Nikapumua, nikangoja.

Kimya.

Nikamtazama nyanya. Naye alikuwa akinitazama, midomo ameifunga. Nikasema sentensi nyingine, nikangoja tena. Watu wakaanza kugeuka vitini. Mwishowe mwalimu akaitika mwenyewe, nikaendelea hadi mwisho, nikapigiwa makofi.

Njiani nyanya alinishika mkono kama kawaida. "Ngano ile siijui, mwanangu," akasema, basi.

Jioni ile akamweka kaka yangu kuwa mwitikiaji. Hakunirudisha tena hadi alipofariki, wala sikumwomba radhi. Wallahi, inaniuma mpaka leo.

Juzi mjukuu wangu alikuja na daftari. "Nyanya, mwalimu ataka ngano ya Kijomvu, ile yenyewe."

Sisi tulitishiwa fimbo kwa lugha hiyo. Wao wanapewa alama. Nikamkalisha kwa furaha, nikaanza. Sentensi ya kwanza ilikuja vizuri. Ya pili ikaja kwa Kiswahili cha mwalimu, na ya tatu, na zote zilizofuata. Kila nilipoitafuta sauti ya nyanya, sikuipata.

Mtoto aliandika yote, kisha juu ya ukurasa akaweka kichwa: "Kijomvu cha Nyanya Yangu." Nikamwacha aende nayo shule.