Kadi Isiyokatwa Pembe

Usiku ule wa kuamkia mkutano wa kuuza klabu, nililala na sanduku la kadi chini ya kitanda. Mimi si mtu wa ndoto. Muotaji nyumbani kwetu ni mke wangu. Mimi nikilala nimelala, hata mvua ya mawe hainiamshi. Lakini kabla sijajua kwamba usingizi umenichukua, nilijikuta nimeketi ofisini kwa klabu, mchana kweupe, jua limejaa mezani, na Bi Hidaya anafungua mlango kwa ufunguo wake wa zamani.

Bi Hidaya alikuwa mweka hazina wetu, na mwaka wa nne sasa tangu afariki. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani. Yeye ndiye aliyeshona jezi za kwanza za Magunia, zile ambazo wazee wanasema ziliwawasha wachezaji mpaka wakawa wanakimbia huku wanajikuna. Klabu ilipata jina hilo kwa sababu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha magunia. Kiwanda kilikufa, klabu ikabaki. Nilipochaguliwa kuwa katibu nilikuwa sijui hata kuandika muhtasari wa kikao, na Bi Hidaya alinikalisha chini jioni baada ya jioni akanifundisha, akinipiga rula vidoleni nikikosea tarehe.

Tuna desturi yetu sisi Magunia. Mwanachama akifariki, katibu huenda msibani na daftari na mkasi. Baada ya maziko, mbele ya ndugu, anaikata kadi ya marehemu pembe moja, kisha anawarudishia wenyewe waitunze. Kadi iliyokatwa pembe haipigi kura, hailipiwi ada, haiazimwi mtu. Bi Hidaya ndiye aliyeianzisha. Alikuwa akisema mtu akishakufa apumzishwe, na mikutano pia apumzishwe nayo, na watu walicheka hata wakiwa msibani.

Siku ya msiba wake mwenyewe, mkono wangu ulikataa. Niliishika kadi yake, namba saba, nikaufungua mkasi, nikaufunga. Nikaitia kadi mfuko wa shati, nikamwambia binti yake nitaileta. Sikuipeleka.

Sasa niseme nilichofanya, maana bila hicho ndoto hii haina kichwa wala miguu. Tajiri wa malori aliyeichukua klabu yetu alipochoka nayo, aliondoka na kutuachia barua. Barua ilisema fedha zote alizotumia, mabasi, kambi, hata soda za wachezaji, hazikuwa msaada bali mkopo. Kocha aliyefukuzwa naye alikuwa ameshinda kesi yake dhidi ya klabu. Wachezaji walikuwa mwezi wa tano bila mshahara, na Mama Saumu anayewapikia kambini alikuwa anachukua maharage dukani kwa jina lake mwenyewe. Hapo akajitokeza mnunuzi mpya, akamtuma mtu wake, Bwana Pius. Mnunuzi angelipa kila deni. Ila nafasi yetu ya ligi angeihamishia mjini kwake, kwa jina jingine, na kwenye uwanja wetu angejenga maghala.

Nilijua wanachama wangekataa. Wanachama wa Magunia hawana hela lakini mdomo wanao. Ndipo Bwana Pius akaniuliza, taratibu, huku akikoroga chai, kama daftari langu lina watu wasiohudhuria mikutano siku hizi. Nilimwelewa mara moja. Nikachapisha kadi mpya za marehemu sitini, nikazilipia ada kwa fedha yake, nikazigonga muhuri. Asubuhi watu wa kukodi wangeingia nazo ukumbini na kunyoosha mikono. Ya Bi Hidaya sikuwa na haja ya kuichapisha, ilikuwepo, nzima. Nilijiambia nawaokoa wachezaji. Pia nilikuwa nimeahidiwa kazi huko inakokwenda timu. Yote mawili ni kweli.

Basi Bi Hidaya yuko mlangoni, na mimi siwezi kuinuka kitini. Amevaa kanga yake ya buluu. Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya kanga, anairudisha usoni, ananitazama kama alivyokuwa akinitazama hesabu zikigoma.

"Nimeambiwa ada yangu imelipwa," anasema. "Nimekuja mkutanoni."

Nataka kumwambia mkutano ni kesho, na kwamba yeye hahusiki tena, na kwamba aniwie radhi. Sauti haitoki. Anasogea pembeni kidogo, nami naona foleni nyuma yake. Imeanzia mlangoni kwetu, imepita geti, imekunja kona ya kiwanda. Wa kwanza ni Mzee Yakobo, golikipa wetu wa zamani. Kisukari kilimkata mguu kabla hakijamuua, lakini sasa amesimama kwa miguu miwili. Nyuma yake ni Sefu, mpiga ngoma wa jukwaani. Wote nawajua. Wote nimewazika mimi, na daftari langu na mkasi wangu. Kila mmoja ameshika kadi mpya, na wino wa muhuri haujakauka, unawachuruzikia viganjani hadi kwenye viwiko.

Hakuna anayenung'unika. Wanasubiri tu, kama watu walioitwa na serikali. Ukimya wao ulinitisha kuliko kelele yoyote niliyowahi kupigiwa uwanjani.

Kisha hatuko ofisini. Tuko uwanjani, mchana ule ule, na vibarua wawili wanang'oa goli la upande wa kiwanda. Mashimo ya nguzo yanajaa maji taratibu. Katikati ya uwanja kuna meza yenye kitambaa cheupe, na Bwana Pius amekaa hapo na kalamu mkononi. Marehemu wamekaa kwenye nyasi mbele yake, mstari baada ya mstari, mikono magotini. Nje ya uzio wamesimama walio hai. Namwona Mama Saumu na mwiko wake. Nawaona wachezaji, peku, wameshika waya kwa vidole. Midomo yao inakwenda, wanasema kitu, wanakisema kwa nguvu, lakini hakivuki uzio.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," anasema Bwana Pius.

Hakuna mkono uliopanda. Ananigeukia. Hana hasira, ana haraka tu.

"Katibu, watu wako."

Nikaenda kwa Mzee Yakobo nikaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi, na mzito kama mfuko wa saruji. Nikauinua kwa mikono yangu yote miwili, nikauegemeza hewani, ukasimama. Nikaenda kwa Sefu. Nauinua wa Sefu, nao unasimama, na hapo nyuma yangu nasikia mkono wa Mzee Yakobo ukianguka pajani. Narudi mbio. Nauinua tena. Wa Sefu unaanguka.

"Mmoja," anahesabu Bwana Pius. "Hakuna. Mmoja. Hakuna."

Nakimbia kutoka huyu kwenda yule. Shati limeganda mgongoni. Wino wao umenipaka mikono, vidole vinateleza, na kila ninayemwacha anashuka. Nawaomba kwa majina. Namkumbusha Sefu kwamba nilimchangia sanda. Nikaona aibu kulisema hilo hata ndotoni. Yeye ananitazama kwa upole, macho yale ya mtu anayekusamehe wakati hujaomba msamaha, na mkono wake unashuka vilevile. Goli la pili linang'olewa. Bwana Pius anaangalia saa. Wakati huo nilijua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba kalamu ile ikiwekwa chini kabla sijafikisha hesabu, wachezaji hawatalipwa, na nikifikisha, hapa hapatakuwa tena na klabu. Na bado naendelea kuinua mikono.

Amebaki Bi Hidaya. Hayuko mistarini na wenzake. Ameweka cherehani yake pale lilipokuwa goli, anashona jezi nyeupe isiyo na nembo wala namba. Mguu wake unakanyaga pedali bila pupa. Nikamfikia nikihema, nikamshika mkono.

Mkono wake ulikuwa na joto.

Nilikuwa nimejiandaa kwa baridi, nikakuta joto la mkono ule ule ulioshika wangu nikijifunza kuandika muhtasari. Nikapiga magoti kwenye nyasi.

"Bi Hidaya, nisaidie. Unyooshe huu mmoja tu. Wachezaji wana njaa."

Pedali ikasimama.

"Hata shikamoo hujaniamkia," akasema.

"Shikamoo, Bi Hidaya."

"Marahaba." Akakata uzi kwa meno. Kisha akaniuliza, "Unajua tunadaiwa kiasi gani?"

"Najua."

"Nani mwingine anajua?"

Ile barua ya tajiri wa malori niliifungia kabatini. Hukumu ya kocha nayo niliifungia. Mwenyekiti alinisikia nikisema mambo si mazuri, akaguna, hakuuliza zaidi. Wanachama niliwaambia tuna changamoto kidogo. Nilikuwa naona haya. Niliona nikiwasomea jumla yote watasema ni mimi, Shabani, niliyeiua klabu, kwa hiyo nikaikalia kimya huku inaongezeka.

"Walio hai hujawaambia," akasema Bi Hidaya. "Umetujia sisi kwa sababu sisi hatuwezi kukukatalia."

Hakupaza sauti. Nikamwambia wangekataa, nawajua, wangekataa na kuimba nyimbo za klabu huku Mama Saumu anadaiwa dukani.

"Wakatae wakijua," akasema. "Au wauze wakijua. Deni ni lao na klabu ni yao. Wewe ni katibu, kazi yako kusoma."

Nikageuka kuangalia uzio. Mama Saumu ameacha kusema. Ameegemeza paji la uso kwenye waya, anangoja, na wachezaji wote wamenyamaza naye. Nyuma yangu Bwana Pius anaanza kufunika kalamu yake.

Bi Hidaya akaingiza mkono kwenye kikapu cha cherehani akatoa mkasi. Ulikuwa ule wa msibani, wa klabu, wenye mpini uliozungushiwa kitambaa. Akaushika upande wa makali, akanielekezea mpini, kama alivyotufundisha kumpa mtu mkasi. Kwa mkono wa pili akaiweka kadi yake mapajani pangu.

"Nipumzishe na mikutano, Shabani," akasema. "Nimechoka."

Naufungua mkasi. Naisogeza kadi, namba saba, kati ya makali. Makali hayataki kukutana, na mtu fulani anahesabu, mmoja, hakuna, mmoja—

Nikaamka nimekaa. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizikia. Mikono yangu nilikuwa nimeinyoosha juu, yote miwili, na mabega yaliniuma kweli. Mke wangu alikuwa ananitazama.

"Umeota nini wewe?"

Nililivuta sanduku kutoka chini ya kitanda nikalifungua. Kadi ya Bi Hidaya ilikuwa juu ya nyingine, pale nilipoiweka. Nikamwomba mke wangu mkasi wake wa kukatia vitambaa, naye akaniletea bila kuuliza, akawasha na taa. Nikaikata kadi pembe. Kilikuwa kipande kidogo, hakifiki ukucha. Nikalia kama nilivyotakiwa kulia miaka ile minne iliyopita, kisha nikachukua ya Mzee Yakobo, kisha ya Sefu, nikaendelea mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge na godoro likajaa pembe.

"Unafanya nini, baba?" mke wangu akauliza.

"Namalizia mazishi."

Nilikuwa natafuta karatasi simu ilipolia. Bwana Pius. Sauti yake ilikuwa changamfu, ya mtu aliyelala vizuri.

"Katibu, umeamkaje? Zile kadi ziko tayari?"

"Ziko tayari," nikamwambia. "Hazipigi kura."

Akaniuliza kama najua ninachokifanya, na kama nimewafikiria wachezaji. Nikamwambia nimewafikiria, na kwamba aje ukumbini na ofa yake aisome mbele ya watu, huenda wakaikubali. Sikusema kwa ujasiri. Nilijua ile kazi imeshakwenda na pengine cheo changu nacho kitakwenda kabla ya adhuhuri. Akakata simu.

Nikaandika. Nilianza na deni la tajiri wa malori, nikashuka kwa kocha, wachezaji, duka la maharage. Mstari wa mwisho niliandika fedha alizonipa Bwana Pius za kulipia ada za marehemu, na jina langu mbele yake. Karatasi ikajaa, nikageuza upande wa pili. Sikujua walio hai watasema nini wakisikia. Sijui kama tutashuka daraja, wala mwakani wachezaji watapiga mpira wapi.

Jua lilipotoka nilipitia kwanza nyumba ya Bi Hidaya. Binti yake alifungua mlango akiwa na ufagio mkononi, akashangaa kuniona asubuhi ile. Nikampa kadi ya mama yake kwa mikono miwili. Akaipokea, akaigeuza, akapitisha kidole pale kwenye pembe.

"Nimechelewa," nikamwambia.

"Umechelewa," akasema, lakini hakunifungia mlango.

"Leo kuna mkutano. Wewe ni mwanachama, namba ya kadi yako ninayo kwenye daftari. Njoo. Kuna karatasi nataka kuwasomea."