Kiti Juu ya Shimo la Choo

Mama yangu alikuja Iringa na chuma chake cha kuchokolea pweza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Huku Ipogolo, mama, pweza gani? Akakiegemeza nyuma ya mlango, akavaa sweta mbili, akasema amekuja kutibiwa macho tu; yakipona anarudi Kilwa kwenye mwamba wake. Kwake mwamba ndio shamba. Maji yakipwa alitembea juu ya matumbawe akichungulia mashimo, na pweza hao ndio waliotusomesha.

Macho yalipopona, mimi ndiye niliyekosa utulivu. Mdogo wangu aliyebaki nyumbani alikuwa amejenga vyumba vya wageni ufukweni, na kila nikimuuliza habari za mwamba, anahamisha mazungumzo. Jumamosi moja asubuhi Mama akamtaka apige simu ya video maji yakiwa yamekupwa.

"Nionyeshe mwamba, baba."

Tukaona. Kijani kitupu, utelezi kama wa sufuria iliyosahaulika uani. Bomba kutoka vyumba vya wageni lilikuwa limelala pale pale, linamwaga.

"Unaunyia mwamba wangu?" Mama akauliza.

"Bahari kubwa, mama."

Nikampokonya Mama simu. Nilimtukana yule kijana matusi ambayo sitayaandika. Akaniacha nimalize. "Dada, na nyie mkitapisha vyoo mvua ikinyesha, huo mto Ruaha wenu unakwenda wapi? Si unaingia Rufiji, na Rufiji unamwaga baharini hapa jirani yetu?"

Nikakata simu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli.

Mama hakula mchana ule. Begi lililokuwa limeshafungwa akalifungua, akaanza kurudisha khanga zake kabatini.

"Nirudi nikafanye nini?"

Wallahi niliumia. Nilitaka abaki kwangu, lakini si kwa namna hii.

Alasiri mvua ikashuka, ile ya Machi isiyo na adabu. Mtaa mzima ukatoka na sururu. Huku kwetu shimo la choo likijaa, watu wanasubiri mvua, wanafungua, maji yanabeba. Mume wangu naye akashika sururu. Kufika uani, akamkuta mama mkwe wake amekaa kwenye kiti cha plastiki juu ya mfuniko wa shimo letu, mwavuli mkononi, chuma cha pweza mapajani.

Maskini, Mhehe wa watu! Mama mkwe hata kumkazia macho hawezi, sembuse kumwambia aondoke. Akarudi ndani ameloa chapachapa. "Kamtoe mama yako."

Nikatoka na mwavuli wa pili.

"Mama, utaugua."

"Acha niugue."

Basi nikasimama naye. Shimo letu halikufunguliwa. Lakini nyumba za juu yetu zilikuwa zimefungua zote, na uchafu wao ulipita miguuni petu ukishuka mtoni. Mama aliufuata kwa yale macho yake mapya mpaka ukakata kona.

"Huu utafika kule mwambani lini?" akaniuliza.

Nikajifanya sijasikia kwa sababu ya mvua.